Nywele Zilizolazwa

Siku ile nilifunga saluni yangu pale Musaga mapema, saa kumi na nusu. Nikatia bigudi zangu za kuviringishia nywele, brashi, mikasi na seshwari yangu ya kukaushia mfukoni, nikateremka kwa miguu kwenda Kinindo. Wiki ile mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani, na taksi zilikuwa zimepanga foleni mahali fulani bila kusogea. Nilitaka kufika kabla ya giza. Upande ule wa ziwani viboko hutoka jioni kula nyasi za watu, na mimi si mtu wa kukimbia.

Aliyeniita ni Mama Dalia, jina lake Jokha. Yeye na mume wake ni Waarabu wa hapa hapa Bujumbura, waliochanganya damu na sisi zamani, wenye duka la vitambaa tangu enzi za babu zao. Binti yao, Dalia, alikuwa anaolewa kesho yake na kijana wa Tabora aitwaye Azhar.

"Daphrose, mi nataka nywele za mutoto zicheze," aliniambia kwenye simu. "Zimelala kama za maiti. Kesho wanawake wa Tabora wataona kichwa chake wazi. Watasema wameletewa mugonjwa."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Hiyo ndiyo kazi iliyonipa jina.

Watu hudhani nywele fupi ni kazi ndogo. Nywele ndefu hujibeba zenyewe, ukizigusa tu zinatembea. Nywele zetu zikiwa fupi, na zimenyooshwa kwa dawa, hugandamana kichwani kama karatasi iliyolowa. Mtu akigeuka, uso unageuka, nywele zinabaki. Ukitaka zicheze, uzioshe mpaka mafuta yote yatoke, mpaka unywele ulie chini ya kidole. Uzizungushe kwenye bigudi nyembamba zikiwa bado mbichi. Uzikaushe polepole. Ukate ngazi nyuma, tabaka fupi juu ya ndefu. Halafu uuzuie mkono wako usipake kitu. Hapo zinaruka zenyewe.

Nilifika jua likiwa limeshagusa milima ya Kongo. Jokha alinifungulia mwenyewe, akanipeleka chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama ziwani. Dalia alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono yake ina hina hadi viwikoni. Msichana wa miaka ishirini na mitatu, mpole, anayeongea kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili.

Nikamvua ushungi. Nikagusa kichwa.

Mafuta. Si ya siku moja wala ya wiki moja. Tabaka juu ya tabaka, mazito, yananuka habasoda na udi. Nywele zilikuwa zimelazwa moja moja kuelekea shingoni, zimebanwa hata ngozi haionekani.

"Nani anakupaka hivi?" nikauliza.

"Bibi," alisema Dalia. "Kila Alhamisi. Ata dawa ya kunyoosha, Bibi ndiye alisema nitiwe, toka niko mudogo. Anasema zisiguswe na sabuni."

"Bibi iko na mambo yake ya zamani," mama yake akamkata. "Leo ameenda Buyenzi kwenye kisomo. Mpaka arudi, tumemaliza. We kesho ni bibi arusi, si mutoto."

Dalia akainamisha kichwa. Nami, nisiseme uongo, nilifurahi. Nilikiona kichwa kile kama fundi anavyoona ukuta mbaya.

Niliziosha mara sita bafuni. Maji ya kwanza yalitoka ya njano, yananuka udi. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu yalitoka na harufu nyingine chini yake. Ya nne harufu ile ikawa peke yake.

Matope ya ziwa. Ndagala, dagaa wa kwetu, walioachwa mchangani siku isiyo na jua.

"Mama Dalia, haya maji yenu yanatoka wapi?"

"Ya bomba, kama ya watu wote."

Nilionja yanayotoka bombani kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa maji ya bomba. Harufu ilitoka kichwani. Nikaendelea kusugua, maana nilishasema nitafanya, na mtu wa kazi hatupi kitambaa katikati. Mara ya sita unywele ukalia chini ya kidole changu.

Dalia alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Dada," alinong'ona, "ukitoa bigudi, usizitoe zote."

"Kwa nini?"

"Sijui. Nasema tu."

Nikamzungushia bigudi arobaini na mbili. Nikawasha seshwari. Jokha alikuwa anaingia na kutoka, simu mkononi, anaongea na wapishi, anaongea na watu wa viti. Nje mbwa wa jirani alikuwa analia bila kubweka.

Zilipokauka nilianza kuzitoa, za mbele kwanza, huku nikizipuliza kidogo kwa hewa baridi ili zishike umbo. Sijapata kuona nywele kama zile. Zilishuka, zikapanda, zikashuka tena. Zilizunguka uso wake kama kitu kilicho hai na chenye furaha. Jokha alisimama mlangoni, akaweka mkono mdomoni.

"Ona mutoto wangu," alisema. "Ona."

Nikatoa za kando. Nikatoa za juu. Nikashika mkasi, nikakata ngazi nyuma. Zilibaki bigudi tatu tu shingoni.

Nilikumbuka alichoniomba. Nikaziangalia zile tatu. Mtu hawezi kwenda kwenye arusi yake na bigudi tatu shingoni.

Nikazitoa.

Umeme ukakatika.

"Ngoja nilete taa," alisema Jokha gizani. Nikasikia kandambili zake zikienda ukumbini.

Nikawasha tochi ya simu, nikaiegemeza kwenye kioo kilichokuwa mbele ya kiti. Seshwari ilikuwa mkononi mwangu, kimya. Dirisha limefungwa. Pazia limetulia.

"Dada," alisema Dalia. "Umezima seshwari?"

"Umeme umekatika."

Akashika kando ya kiti. Kisha akasema, polepole sana:

"Basi ni nini inanivuta?"

Nilimtazama kwenye kioo.

Nywele zake zilikuwa zinatembea.

Si kuruka kwa nywele zilizotengenezwa vizuri. Zilipanda pamoja, zikasimama, zikalala upande mmoja, zikapanda tena... polepole, kama majani yaliyo chini ya maji. Zote zilielekea dirishani. Upande wa ziwa.

Niliweka viganja vyangu viwili juu ya kichwa chake nikazibana. Zilipita kati ya vidole vyangu. Zilikuwa kavu, nilizikausha mwenyewe, lakini zilikuwa baridi kama kitu kilichotoka kisimani.

"Simama, Dalia. Twende kwa mama."

Alijaribu. Mabega yaliinuka, magoti yalinyooka. Kichwa hakikuinuka.

Ndipo nikaona mashavu yake. Yalikuwa yamejaa. Midomo imefungwa kwa nguvu, macho yamefunguka, yananitazama kwenye kioo. Alikuwa amebana pumzi kama mtoto anayepiga mbizi.

"Pumua," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Dalia, hakuna kitu hapa. Pumua."

Akatikisa tena. Chozi likamtoka. Halikushuka shavuni. Lilitoka kwenye kona ya jicho likaelea, likapanda mbele ya uso wake, likapotea kwenye giza la dari.

Mana yanje, Mungu wangu...

Nilimvuta kwapani kwa nguvu zangu zote, mimi ninayebeba magunia ya mkaa peke yangu. Kiti kilisogea. Yeye hakusogea. Nikaita, "Mama Dalia, njoo," na sauti yangu mwenyewe ilinifikia ikiwa nzito, ya mbali, kama mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta.

Dalia hakuweza tena. Alifungua mdomo. Kifua chake kikapanda na kushuka, kikapanda na kushuka, na hakuna hewa iliyoingia. Nilikuwa nimemshika, nikihisi mbavu zake zinavyopigana, na hapakuwa na jambo hata moja nililojua kulifanya. Nilimpiga mgongoni. Nilimwomba Yesu. Nilizilaza zile nywele kwa mikono, nikazilaza tena, na kila nilipozilaza zilipanda.

Mlango ukafunguka. Jokha akiwa na taa mikononi, na nyuma yake mwanamke mfupi, mzee, bado amevaa buibui la safari. Bibi Ruqaya. Alinusa mara moja tu.

"Nani amemuosha mutoto?"

Jicho lake likatua kwenye mkasi.

"Kata," aliniambia. "Zote. Usiache ata moja."

Alipiga magoti mbele ya mjukuu wake, akamshika kidevu kwa mikono miwili, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Nikachukua mkasi. Nilikata bila mpango, kando, juu, mbele. Nywele nilizokata hazikuanguka. Zilibaki hewani karibu na mikono yangu, zikishuka taratibu, zikiyumba huku na huku kama mchanga unaotua kwenye kina. Kila fungu lililokatika, Dalia alitikisika, na kichwa chake kikalegea kidogo. Alikuwa anabadilika rangi. Midomo ilikuwa ya kijivu.

Nikafika shingoni. Pale nyuma nywele zilikuwa zimekaza kama kamba. Nilipitisha vidole chini yake ili nipate pa kuingiza mkasi.

Nikagusa vidole.

Vilikuwa vimeshazikamata. Vinene, baridi, vinateleza. Mikono ya Bibi ilikuwa kwenye kidevu cha Dalia, ya Dalia mwenyewe imeshika buibui la Bibi, nilikuwa naiona yote. Mikono ya Jokha ilikuwa kwenye taa. Wangu mmoja ulikuwa na mkasi.

Vidole vile viliusikia mkono wangu. Vikatulia. Kisha kimoja kikasogea, taratibu, kikapapasa kucha yangu, kama mtu anayejiuliza hiki ni nini.

Sijui nilikataje. Najua kwamba nilikata, na nilijikata nami, kovu liko hapa kwenye kidole cha shahada. Dalia alianguka mbele kifuani kwa Bibi na kuvuta hewa kwa sauti ambayo bado naisikia. Akakohoa kwa muda mrefu. Hakutoa hata tone la maji. Sakafu ilikuwa kavu, kiti kikavu.

Mkono wangu wa kushoto tu ndio uliokuwa umelowa, mpaka kwenye kiwiko.

Nilimnyoa zilizobaki kwa wembe, kwa mwanga wa taa, Bibi akiniangalia kila pembe ya kichwa. Nywele zilizokatwa alizikusanya kwenye kanga, akaenda kuzichoma kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba. Hazikuwaka. Zilifuka moshi kama kuni mbichi na kuchuruzika maji mpaka mkaa ukazimika nusu.

Pale jikoni ndipo aliponiambia, bila kunitazama.

"Alikuwa na miaka tisa. Siku ya Idi, tulikuwa Kajaga, watoto wanacheza kwenye maji. Akazama. Wavuvi wawili walienda chini wakamuona, lakini hawakuweza kumuinua. Walisema nywele zake zilikuwa zimenyooka kwenda kwenye kina, kama mutu anazivuta. Wakazikata kwa kisu, ndipo akatoka. Muda wote ule, mutoto wangu... mutu hawezi kukaa chini muda ule na akatoka muzima."

"Lakini alitoka."

"Alitoka. Tukashukuru. Jioni yake zile fupi zilizobaki zikaanza kutembea."

Alichochea majivu.

"Shekhe mumoja wa Buyenzi alinisomea mafuta. Alisema kile kitu hakikumuachia. Wavuvi walikata nywele tu, mukono ulibaki. Akasema, zilaze. Zikilala, nacho kinalala. Usimunyoe kila siku, kitatafuta pengine pa kushika. Zilaze tu. Miaka kumi na ine nazilaza."

"Mafuta mengine yako wapi, Bibi? Tumpake sasa hivi."

"Shekhe amekufa, mwaka wa pili huu. Chupa ya mwisho niliimaliza mwezi uliopita." Ndipo akanitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Yale uliyoosha ndiyo yalikuwa yamebaki."

Nilisema pole. Neno lile lilikuwa dogo sana pale jikoni.

Arusi ilifanyika. Jokha aliwaambia wanawake wa Tabora kwamba binti ana kipandauso, hawezi kufunua kichwa, nao wakakubali. Alinikamata mkono mlangoni na kuniomba nisimwambie mtu, hasa bwana arusi. "Atamurudisha," alisema. "Nani atamuchukua tena?" Mafuta yakiwa yamekwisha, Bibi mwenyewe alikubali wembe, nami nilimpa Dalia pakiti mbili za nyembe na kumfundisha kujinyoa bila kioo. Bibi alisisitiza waende kwa barabara, wasikaribie boti. Wakaondoka Jumatatu asubuhi, gari nyeupe yenye maua ya plastiki.

Nilijiambia kwamba Tabora hakuna ziwa. Nilijiambia hivyo mara nyingi.

Mwezi wa tatu baada ya arusi, Dalia alinipigia. Alikuwa ananong'ona.

"Dada, Azhar anasema niache ziote. Anasema hakuoa mwanaume."

"Umemwambia?"

"Nilianza kumwambia. Akacheka. Halafu akaona nalia, akaacha kucheka." Nikasikia anafunga mlango. "Zimefika kama ukucha. Zinaelekea upande moja. Nikigeuza kitanda, zinageuka."

"Jinyoe, Dalia. Sasa hivi, kabla hujakata simu."

"Ameficha nyembe. Anaona nakuwa kichaa. Anaogopa nitajikata."

Nikamwomba anipe namba ya Azhar. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akanipa. Nilimpigia jioni ile. Ni mtu wa heshima, sauti yake nzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada yangu, mke wangu ni mgonjwa wa hofu, na nyinyi huko mnamwongezea. Naomba umwache apone." Kuanzia siku ile namba ya Dalia haikupatikana.

Nikateremka Kinindo. Bibi Ruqaya alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwezi uliotangulia, haongei. Nilipomtajia jina la Dalia aliinua mkono wake mzima, akaweka kiganja juu ya kichwa chake mwenyewe, akabana. Akabana, akabana, mpaka mkono ukachoka. Jokha alinisindikiza hadi getini.

"Mutoto iko sawa," alisema. "Anaishi na mume wake. Usituletee ile kitu tena."

Sina gari. Sina pasipoti. Sijui hata nyumba yao iko mtaa gani huko Tabora. Na kama ningeijua, ningebisha hodi na kumwambia mwenye nyumba nini? Nimekuja na wembe, nataka kichwa cha mke wako?

Nikaendelea na kazi. Unywele huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, kila msusi anajua. Nilijikuta nahesabu. Mwezi wa nne. Wa tano. Wa sita.

Ijumaa iliyopita, nikiwa namwosha mteja, simu ililia. Ujumbe wa Azhar, wa kwanza tangu siku ile. Alikuwa ametuma video ya sekunde kumi na moja.

Dalia ameketi sebuleni kwenye kochi la bluu. Nyuma yake dirisha limefungwa, na pazia limetulia. Mezani kuna mshumaa, mwali wake umesimama wima. Nywele zake sasa zina urefu wa vidole vitatu, laini, safi, hazina mafuta. Zinapanda, zinashuka, zinalala upande, zinapanda tena. Sauti ya Azhar inasikika nyuma ya kamera, inamsifu. Dalia anatazama moja kwa moja kwenye kamera na kutabasamu, mashavu yake yamenona.

Chini alikuwa ameandika: *Dada, nisamehe kwa maneno ya siku ile. Amepona. Ameacha kulia, amekuwa mkimya tu. Na wanawake wote hapa wanauliza siri ya nywele zake. Zinacheza hata bila upepo.*

Niliirudia video mara nne, povu la sabuni likinikauka mikononi, mteja ananiita kwenye beseni.

Mara ya nne ndipo nikaelewa. Lile si tabasamu, na hakunenepa.

Amebana pumzi.

Nilimwandikia Azhar: *Mnyoe. Sasa hivi.* Nikampigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena usiku, na asubuhi, na jana.

Leo ni siku ya sita. Ujumbe wangu umefika kwake, lakini hakuna aliyeufungua.